Maji na Moto: Vibanda vya Chakula Kwenye Matamasha ya Muziki Karagwe na Kyerwa

Ubora wa kibanda cha chakula kwenye tamasha la muziki haupimwi kwa ladha peke yake, kwa kuwa ladha huweza kutengenezwa na chumvi, pilipili na njaa ya mtu aliyecheza tangu alasiri, ilhali usalama wa mlo hutegemea mambo mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyaona kwa macho yake, nayo ni maji anayotumia muuzaji na moto anaopikia. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, kipimo hicho huleta jibu ambalo vijana wengi hawalitarajii: vibanda bora ni vile vinavyouza chakula cha kila siku cha nyumbani, yaani ndizi, maharage, mahindi na nyama ya kuchoma, na vilivyo vibaya zaidi ni vile vinavyojitahidi kufanana na migahawa ya mjini bila kuwa na vifaa vya migahawa hiyo.

Tamasha linalozungumziwa hapa ni mkusanyiko wowote wa wazi ambao muziki ndio unaowavuta watu, liwe onyesho la wasanii wa bongo fleva kwenye uwanja wa mpira mjini Kayanga, mashindano ya kwaya, au ngoma za asili zinazochezwa siku za sherehe katika miji midogo kama Omurushaka, Nkwenda, Isingiro na Kaisho. Mikusanyiko ya aina hiyo hustawi zaidi wakati wa kiangazi cha katikati ya mwaka, kwa sababu mvua huwa zimekatika, barabara za vumbi hupitika, na wakulima wa kahawa, zao kuu la biashara la eneo hili, huwa wameanza kuvuna na kuuza. Wahudhuriaji wengi hutoka vijijini kwa bodaboda au kwa miguu, hukaa uwanjani saa nyingi, na hula mlo mmoja kabla ya kurudi makwao. Mlo huo ndio unaowakutanisha na mama lishe, wachoma mishkaki na vijana wa chipsi, ambao hufika uwanjani mapema mchana na kuondoka baada ya spika kuzimwa.

Muziki na chakula vimeandamana katika eneo hili tangu zamani. Karagwe ilikuwa ufalme wenye makao yake Bweranyange, na wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 walizikuta ngoma zikiwa sehemu ya utawala wenyewe, zikipigwa mbele ya mfalme katika ibada ya mwezi mwandamo. Pembeni mwa ngoma ilikuwapo enanga, ala ya nyuzi ya Wanyambo na Wahaya inayochongwa kutoka kwenye gogo moja lililochimbwa, ambayo mpigaji wake husimulia habari za watawala, vita na mapenzi. Na mara nyingi wasikilizaji wake walikaa wakizunguka kibuyu cha rubisi, pombe inayotokana na maji ya ndizi mbivu yaliyochachushwa kwa mtama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwimbaji Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera, aliufanya muziki wa Kihaya usikilizwe nchi nzima, na tangu hapo hakuna anayeona haya kuupandisha jukwaani muziki wa lugha za nyumbani. Chakula cha nyumbani hakijapata heshima hiyo, kwa kuwa katika viwanja vingi nafasi zilizo karibu na jukwaa na taa huchukuliwa na makarai ya chipsi, huku sufuria ya ndizi ikisukumwa kando ya uzio, gizani.

Hali hiyo inasikitisha, kwa sababu kibanda kinachostahili nafasi ya kwanza ni hicho cha ndizi na maharage. Maharage huchemshwa mpaka yaive, ndizi za kupika zilizomenywa hupangwa juu yake pamoja na vitunguu, nyanya chungu na samli au mafuta kidogo, kisha sufuria hufunikwa kwa majani ya mgomba yanayozuia mvuke usitoke, na chakula huachwa kiive taratibu juu ya mafiga. Mpishi anapofunua jani la juu ili kumpakulia mteja, mvuke hupanda usoni pake, na ndizi iliyoiva vizuri huonekana ya manjano, laini, ikiwa imechukua wekundu wa maharage kwenye kingo zake. Kila kilichomo ndani ya sufuria hiyo kimechemka pamoja kwa muda mrefu, kinabaki motoni mpaka kiishe, wala hakihitaji kitu kibichi cha kukipamba. Zaidi ya hayo, ndizi haimruhusu muuzaji kudanganya: ikipoa hukakamaa, na mlaji hujua kwa tonge la kwanza kwamba chakula kimekaa nje ya moto, jambo ambalo wali au chipsi zilizopashwa moto haziwezi kumwambia.

Sahani nayo ina hoja yake. Jani la mgomba likipitishwa juu ya moto hulainika na kukunjika bila kuraruka, joto hilo hupunguza vijidudu vilivyo juu yake, na baada ya mlo jani hutupwa shambani likaoza na kuwa mbolea. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wauzaji wengi wamekimbilia magazeti ya zamani na karatasi za mitihani, ambazo huachia wino kwenye chakula chenye mafuta na ambazo hakuna ajuaye zimeshikwa na mikono mingapi. Ni ajabu kununua kifungashio duni katika wilaya ambazo jani safi hupatikana nyuma ya karibu kila nyumba.

Hoja ya kiuchumi haiko mbali. Kagera ndiko mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria unaoozesha matunda na hatimaye kuua mmea mzima, ulikothibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2006, na kaya nyingi zilipoteza sehemu ya mashamba yao kabla ya kuzoea kung'oa migomba iliyougua na kusafisha mapanga kwa moto. Tamasha linalonunua mikungu kwa wakulima wa jirani huwarudishia watu hao sehemu ya fedha walizolipa getini, nalo hupata chakula kilichovunwa asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Baada ya ndizi na maharage huja vitu vya kuchomwa, ambavyo havihitaji maelezo mengi: gonja, yaani ndizi ndefu ya kuchoma, pamoja na hindi bichi, hulindwa na ganda lake mpaka linapofika motoni, na mteja hulipokea likiwa la moto. Mishkaki hufuata, kwa sharti kwamba nyama imekatwa vipande vidogo vinavyoiva hadi ndani na imetoka kwa mnyama aliyekaguliwa na kupigwa mhuri wa mkaguzi wa nyama. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ambayo ilianzia Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, nayo ni chakula cha kutegemewa kwa kuwa hukaangwa mbele ya mnunuzi baada ya kuagizwa.

Kunapokuwa na tamasha mwezi Novemba au Desemba, wakati wa mvua za vuli, muuzaji wa senene hustahili kutafutwa popote alipo. Senene ni panzi wa kijani au kahawia ambao huruka kwa makundi usiku na kufuata mwanga wa taa. Hunyonyolewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa chumvi na vitunguu katika mafuta yanayotoka miilini mwao. Wana protini nyingi, na wakikaangwa mpaka wakauke hukaa siku kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo wanafaa kuuzwa uwanjani kuliko karibu nyama yoyote. Jirani na muuzaji huyo huenda akawepo mzee mwenye kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, yaani punje za kahawa zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ambazo kwa desturi hupewa mgeni kabla ya kitu kingine chochote, na ambazo humweka macho msikilizaji anayengoja msanii mkuu apande jukwaani usiku wa manane.

Upande mbaya unaongozwa na kibanda cha chipsi, na kosa halimo katika kiazi. Mafuta yanayochemshwa kwa saa nyingi huvunjika kikemikali: huwa meusi, hutoa povu, huanza kufuka moshi katika joto dogo kuliko la awali, na huacha uchungu mdomoni. Mgahawa huyamwaga, lakini kijana wa uwanjani, ambaye dumu la mafuta limemlia sehemu kubwa ya mtaji, huongeza mapya juu ya ya zamani. Umati unapoongezeka, hukaanga viazi nusu, hurundika kwenye kabati la vioo, kisha huvitumbukiza tena mteja anapofika, na kuku aliyekaangwa mchana hupitia njia hiyo hiyo. Usiku wa nyanda za juu za Karagwe una baridi, na wengi hudhani baridi hiyo hulinda chakula, ilhali hukishusha haraka tu hadi kwenye joto la uvuguvugu linalopendwa na bakteria. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Funguo Tano za Chakula Salama uliotolewa mwaka 2001, linaonya juu ya eneo la hatari lililo kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na linataka chakula kilichopikwa kisiachwe humo kwa zaidi ya saa 2. Katika hali nzuri kwao, bakteria wengi huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Wali na pilau vina hatari ya ziada, kwa kuwa mchele huweza kuwa na spora, yaani mbegu ngumu za bakteria ambazo hazifi sufuria inapochemka na ambazo huota chakula kikipoa polepole.

Hata hivyo, kitu cha kuogopwa kuliko vyote ni kachumbari. Nyanya na vitunguu hukatwa alasiri kwa kisu kilichokata nyama, huoshwa kwa maji ambayo hayakuchemshwa, hutiwa chumvi inayotoa maji yake, na hukaa wazi kwenye bakuli mpaka usiku, kisha huwekwa juu ya mishkaki iliyotoka motoni ikiwa salama kabisa. Beseni la kuoshea vyombo hufuata kwa ubaya: dumu moja la lita 20 lililoletwa kwa baiskeli huosha sahani za jioni nzima, na kufikia saa tatu usiku maji yake huwa ya kijivu, yenye utando wa mafuta juu, huku vijiko vikichovywa na kufutwa kwa kitambaa kimoja kisichokauka. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara kilipita kwenye njia za namna hii, yaani maji machafu, mikono na chakula kibichi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu milioni 600 hivi huugua kila mwaka duniani kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 kati yao hufariki, Afrika ikiwa na mzigo mkubwa kuliko mabara mengine kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Kuhusu vinywaji, rubisi iliyokamuliwa na watu wanaojulikana na kunywewa katika vyombo safi haina ubaya kwa mtu mzima anayejua kiasi chake. Gongo ni haramu kisheria na inastahili kuwa hivyo, na juisi iliyopozwa kwa barafu ya maji yasiyojulikana haimfai mtoto hata kidogo.

Lawama ya haya yote haipaswi kumwangukia mama lishe peke yake. Mwandaaji wa tamasha humtoza fedha ya eneo, na fedha hiyo mara nyingi humnunulia kipande cha ardhi tupu, bila bomba, bila taa, bila mahali pa kumwaga maji machafu, na choo kikiwa mbali. Inawezekana kufanya vinginevyo, na mfano upo Zanzibar, ambako Tamasha la Sauti za Busara limefanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 2004, hatua chache kutoka bustani ya Forodhani yenye wauza urojo, mishkaki na maji ya miwa: bustani hiyo ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ilipata taa, mifereji na mpangilio wa sehemu za wauzaji, na haikuwalazimu wauzaji kuacha vyakula vyao vya asili. Karagwe na Kyerwa hazihitaji ukarabati wa gharama ya namna ile. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti ili mtu anawe bila kukishika, hutengenezwa kwa dumu, kamba na miti, na wakazi wa Kagera wamehimizwa sana kunawa mikono tangu ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani humo Machi 2023. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo ipo, na afisa afya anayefika uwanjani alasiri, kabla ya nyanya kukatwa, hufanya kazi kubwa kuliko anayefika siku inayofuata zahanati ikiwa imejaa.

Mteja kwa upande wake ana haki ya kuomba mishkaki bila kachumbari, kutazama rangi ya mafuta yaliyomo karaini, na kuuliza maji ya kunawa yako wapi kabla ya kutoa fedha. Waandaaji wa matamasha ya kiangazi kijacho, pamoja na halmashauri zinazowapa vibali, wanaombwa kuweka tangi la maji na taa kwenye safu ya vibanda kabla ya kulipia spika za ziada, na kumpa mpishi wa ndizi na maharage nafasi ya mbele, karibu na jukwaa.