Kipimo cha Udongo na Faida Yake

Kibondo ni nchi ya vilima katika Mkoa wa Kigoma. Waha wa huko hulima mahindi, maharagwe na mihogo. Siku hizi viko vyombo vya kupima udongo, vimwonyeshavyo mkulima mahali palipopungukiwa na rutuba, ili asimwage mbolea ovyo. Lakini je, chombo hicho chalipa?

Mkulima mwangalifu hukiazima au hukikodi kwanza. Hupima vipande viwili vya shamba vyenye udongo wa namna moja, kila kimoja meta 10 kwa meta 10. Kimoja hukilima kama desturi yake. Cha pili hukitia mbolea kama chombo kilivyoonyesha. Mbegu ni ile ile, na siku ya kupanda ni moja. La sivyo hatajua kilicholeta tofauti. Mavuno hupimwa kwa mizani, wala si kwa macho, kwa maana macho hupenda kitu kipya.

Mathalani, cha kwanza kimetoa kilo 20 za mahindi, na cha pili kilo 30. Kilo moja ikiuzwa shilingi 500, nyongeza ni shilingi 5,000. Mbolea, kazi na kodi ya chombo zimegharimu shilingi 3,000. Basi faida ni shilingi 2,000. Lakini mahindi yakijaa sokoni bei hushuka. Ikifika shilingi 300, hakuna kilichobaki. Ikifika 250, amepata hasara, ingawa ghala lake limejaa.

Tena mvua ya mwaka huu siyo ya mwaka ujao. Yafaa arudie jaribio hilo msimu wa pili, kabla hajauza mbuzi wake anunue chombo.