Kutunza Pikipiki Kuukuu Nyumbani

Mtu akisimama kando ya njia pale Nakwa, katika mji wa Babati, ataona pikipiki zikipita tangu alfajiri hata usiku. Moja imebeba gunia la mahindi, ya pili imembeba mama na mtoto wake mgonjwa waendao hospitali ya Mrara, ya tatu imembeba mwalimu awahiye kengele ya shule. Vyombo hivi vimekuwa miguu ya watu. Lakini nyingi katika hizo si mpya. Zimekwisha kupita katika mikono ya wenyewe wawili au watatu, na kila mmoja ameiachia ya pili yake kovu lake.

Tena wako vijana wengi waendeshao pikipiki kwa mkataba. Kila siku humlipa mwenye chombo fedha waliyopatana, mpaka hesabu itimie na chombo kiwe chao. Kijana wa namna hii, pikipiki yake ikilala kwa fundi juma zima, deni halilali pamoja nayo. Na kama kilichoharibika ni breki, hasara yaweza kuwa kubwa kupita fedha. Kwa hiyo yafaa tueleze kazi ambazo mtu aweza kuzifanya mwenyewe uani kwake, na zile ambazo hana budi kumwachia fundi.

JINSI INJINI IFANYAVYO KAZI

Asiyejua kazi ya kitu hawezi kukitunza. Injini ya pikipiki zetu nyingi ina silinda moja, na ndani yake mna pistoni ipandayo na kushuka. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili, hupanda na kuisindika hewa ile mpaka ikae mahali padogo. Tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka, nayo pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Nne, hupanda tena na kutoa moshi. Hatua ya tatu peke yake ndiyo iletayo nguvu.

Basi, injini yataka vitu vitatu ili iwake: hewa na petroli kwa kadiri yake, msindiko mzuri, na cheche kwa wakati wake. Pikipiki ikikataa kuwaka, usiipige teke la kiki mara mia kwa hasira. Tafuta ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichokosekana.

OILI NA FILTA YA HEWA

Oili ni damu ya injini. Hulainisha, hupoza, tena huchukua uchafu. Pima oili kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Injini ndogo kama hizi huchukua oili ya lita moja hivi tu, kwa hiyo upungufu mdogo kwake ni mkubwa. Kitabu cha mtengenezaji hutaja baada ya kilomita ngapi oili imwagwe. Kwa chombo kibebacho mizigo katika vumbi kila siku, kilomita 2,000 ni mpaka mwema, hata kama kitabu chataja nyingi zaidi. Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu, maana hapo hutoka yote pamoja na takataka zake. Kisha itazame: ukiona vipande vya chuma ving'aavyo, jua kuna kitu kinachosagika ndani.

Filta ya hewa ndiyo pua ya injini. Katika majira ya kiangazi vumbi la njia zetu huijaza upesi. Filta iliyoziba huifanya injini ile petroli nyingi, itoe moshi mweusi na kukosa nguvu. Wengine, wakiona hivyo, huitoa kabisa na kuitupa, nao husifu kwamba pikipiki imekuwa nyepesi. Wepesi huo ni wa siku chache. Vumbi la mchanga likiingia katika silinda husaga ringi na kuta zake kama jiwe lisagavyo shoka, na mwisho wake ni kununua silinda na pistoni mpya.

PLAGI, MWALIMU MDOGO

Fungua plagi injini ikiwa imepoa, uitazame ncha yake. Ikiwa ina rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli ni nyingi kupita hewa. Tazama filta na kabureta. Ikiwa nyeupe, hewa ni nyingi kupita petroli na injini yapata joto la kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, basi oili yapenya ndani ya silinda, aghalabu kwa sababu ringi zimekwisha, na hapo mwite fundi. Nafasi baina ya ncha mbili za plagi huwa milimeta 0.6 hadi 0.8 kwa pikipiki nyingi, kama kitabu kisemavyo. Unapoirudisha, ianze kwa vidole bila spana, usije ukaharibu hesi za kichwa cha silinda.

CHENI NA MATAIRI

Cheni iliyolegea huweza kuruka na kufunga gurudumu mara moja. Iliyokazwa mno hula spoketi na beringi. Ishike katikati, sehemu ya chini, uipandishe na kuishusha. Mchezo wa milimeta 20 hadi 30 wafaa kwa pikipiki nyingi za kazi. Pima mahali pawili au patatu ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, maana cheni kuukuu haivutiki sawasawa. Vidole vingi vimepotea kwa kusafisha cheni huku injini ikinguruma. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, uikaushe, kisha uitie oili nzito kidogo kidogo.

Matairi yapimwe upepo asubuhi yakiwa baridi. Yatazame pia ubavuni. Tairi lenye nyufa limezeeka ijapokuwa kashata zake bado ni ndefu.

Juu ya jambo hili wenye pikipiki za Italia wana somo la kutufundisha. Katika mji wa Bologna huundwa pikipiki za mbio ziitwazo Ducati. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 nyingi katika hizo zilitumia mikanda ya mpira kuzungusha mtambo wa valvu. Mwenye Ducati kuukuu ya namna hiyo hahesabu kilomita tu, bali huhesabu na miaka. Mikanda hubadilishwa ijapokuwa chombo kilikaa bandani bila kwenda safari. Mkanda ukikatika injini ikienda, pistoni hugonga valvu, na injini ya thamani kubwa huharibika kwa ajili ya kipande cha mpira. Sisi hatuna mikanda ile katika pikipiki zetu za kazi, lakini tuna matairi, tyubu, na mipira ya breki. Mpira huzeeka hata ukilala.

Waitalia hawa si wageni kwetu. Kiwanda cha Piaggio huko Pontedera kilitoa Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 kikatoa chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Ape. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilipewa ruhusa ya kuunda Vespa, na ndiyo maana magurudumu matatu yetu twayaita bajaji. Huko Unguja wako watu watunzao Vespa za zamani kwa mapenzi makubwa. Lakini angalia: Vespa za zamani ni za hatua mbili, na oili yake huchanganywa na petroli. Usiige desturi hiyo katika injini ya hatua nne, ambayo ina nyumba yake ya oili.

BREKI NA MTEREMKO WA DAREDA

Atokaye Babati kwenda Mbulu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Dareda, na arudipo hana budi kuushuka. Pikipiki iliyopakia ikishuka kwa breki peke yake, viatu vya breki hushika moto. Na breki za namna hii zikipata moto mwingi hupoteza nguvu. Mwendeshaji hukanyaga, chombo kisisimame. Desturi njema ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, ili injini yenyewe izuie mwendo. Kamwe usizime injini ukashuka kwa gia huru ili kuokoa petroli. Petroli ya bonde moja haifiki bei ya mguu wa mtu.

Nyumbani, tazama alama iliyo katika mkono wa breki ya nyuma. Ionyeshayo kwamba viatu vimekwisha, vibadilishe siku hiyo. Ukifungua gurudumu, pangusa vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa kinywa, maana lina madhara kwa mapafu. Wala usiache oili au grisi iguse viatu vile.

KUBADILI UMBO NA NGUVU ZA CHOMBO

Vijana hupenda kukibadili chombo kiwe chao hasa. Jambo hili si baya lote, lakini lataka hesabu.

Tuseme pikipiki ina spoketi ya meno 14 mbele na 42 nyuma. Basi ile ya mbele huzunguka mara 3 gurudumu la nyuma lizungukapo mara moja. Ukiweka ya meno 13 mbele, itazunguka mara 3.23. Hapo chombo hupata nguvu zaidi kwa kiasi cha karibu asilimia 8, nayo yafaa kwa mpanda milima mwenye mizigo. Lakini hakuna cha bure: kwa mwendo ule ule ambao zamani injini ilizunguka mara 6,000 kwa dakika, sasa itazunguka mara 6,460 hivi. Aendaye Arusha kwa lami kila siku atapata kelele, joto, na petroli nyingi zaidi.

Vivyo hivyo taa. Taa ya wati 35 katika umeme wa volti 12 hutumia ampea 3 hivi. Ukiongeza taa mbili za wati 55 kila moja, umeongeza ampea 9. Mtambo wa umeme wa pikipiki ndogo hauwezi mzigo huo. Betri hufa, nyaya hupata moto, na usiku wa manane chombo hukataa kuwaka. Chagua taa za kisasa zitumiazo wati chache.

Eksozi iliyotobolewa hufanya kelele kubwa, na wengi hudhani kelele ni nguvu. Sivyo. Zaidi huwasumbua wagonjwa na watoto wa shule, tena huharibu kadiri ya hewa na petroli. Ama kurefusha kiti na kuchomelea vyuma ili wakae watu watatu au wanne, jambo hilo ni la hatari kabisa. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauna nguvu. Badiliko jema ni lile liongezalo usalama: vyuma vya kukinga miguu, kishikio imara cha abiria, vioo viwili vizima, na kofia ngumu mbili, moja ya mwendeshaji na moja ya abiria wake.

MAMBO YA KUMWACHIA FUNDI

Kupima nafasi za valvu, kufungua injini, kubadili cheni ya ndani, na kunyosha chesisi iliyopinda, mpelekee fundi ajuaye. Lakini mwambie uliyoyaona: rangi ya plagi, mlio, siku ulipoanza. Andika katika daftari tarehe na kilomita za kila kazi. Mwenye daftari hadanganywi kwa wepesi, na siku ya kuuza chombo, daftari ni shahidi wake.

ZIWA LETU

Neno la mwisho ni juu ya maji. Wako waoshao pikipiki ukingoni mwa Ziwa Babati, na wako wamwagao oili chafu katika mifereji iendayo huko. Ziwa hilo lina viboko, lina perege na kambare, nalo huwalisha watu wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli ziwezazo kuliharibu. Oshea chombo chako nyumbani kwa ndoo, na oili kuukuu uiweke katika dumu lenye kifuniko umpelekee fundi. Tena usifungue tenki la petroli karibu na jiko wala koroboi.

Wazee wa mitaa na walimu waweza kusaidia sana katika haya. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi wake hatua nne za injini kwa pikipiki iliyo uwanjani, atakuwa amefundisha elimu ya vitu na hesabu kwa pamoja. Na kijana wa mkataba akitumia robo saa kila asubuhi kutazama oili, cheni, matairi, breki na taa, atalijua jambo likiwa bado dogo. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikipiki kuukuu ana nyufa nyingi za kuziba, lakini akiziziba moja moja, chombo chake kitamaliza deni, na kisha kitaanza kumfanyia kazi yeye mwenyewe.