Mitumba na Historia Yake (3): Jezi za Zamani za Uingereza katika Magulio ya Korogwe na Handeni

Jezi ya zamani ya timu ya Uingereza inayopatikana leo Korogwe au Handeni karibu kila mara huwa imekuja ndani ya belo la mitumba. Safari yake huanzia kwenye kabati la mtu wa Leeds, Birmingham au Sunderland. Ikimbana mwenyewe, au timu ikibadili mdhamini na jezi ya mwaka jana ikaonekana imepitwa, hutiwa kwenye mfuko pamoja na mashuka na suruali, ikapelekwa duka la hisani. Kisichouzika pale huuzwa kwa kilo kwa viwanda vya kuchambua nguo. Huko nguo hutengwa kwa aina na ubora, za michezo zikawekwa peke yake, kisha hugandamizwa na kufungwa belo ambalo kwa kawaida lina uzito wa kilo 45. Belo hushuka bandarini, likasambazwa kwa wafanyabiashara wa Ilala, Tanga mjini na Moshi. Wachuuzi wa Korogwe hununua huko, kwa kuwa mji wao umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Handeni hupata mzigo wake kupitia pande mbili: Korogwe, umbali wa kilometa 65 hivi, na Mkata, kilometa 54.

Njia hiyo ina maana kubwa kwa mkusanyaji. Kote duniani, anayenunua kitu cha kale huuliza kwanza kilikotoka na mikono iliyokipitia. Kwenye gulio la Mkata swali hilo lina jibu jepesi: kimetoka kwenye belo. Hakuna mghushi atakayejisumbua kutengeneza jezi ya Coventry City ya mwaka 1990 ili aiuze kwa kilo. Kwa hiyo jezi iliyopauka, ya timu isiyovuma, iliyokunjamana chini ya rundo la kuchagua, ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa halisi kuliko jezi ya Arsenal inayong'aa kwenye fremu ya duka. Hata hivyo belo si cheti. Waingereza nao hununua jezi feki wanapokwenda likizo Uturuki au Thailand, na feki hizo huishia katika mifuko ileile ya hisani.

Jezi zinazoonekana zaidi ni za kuanzia miaka ya 1990, kwa sababu za huku na za kule. Tanzania ilibana uagizaji wa mitumba mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Nguo zilizotupwa Ulaya kabla ya hapo hazikufika kwa wingi. Uingereza kwenyewe, mashabiki watu wazima hawakuwa na desturi ya kuvaa jezi. Umbro ilianza kuuza seti za jezi za watoto mwaka 1959. Admiral ya Leicestershire ndiyo iliyoigeuza jezi kuwa biashara hasa, ilipoivalisha Leeds United na kisha, mwaka 1974, timu ya taifa ya England, na kuweka alama yake kifuani ili mtoto aitake hiyohiyo na si nyingine. Watu wazima walikuja baadaye, na Ligi Kuu iliyoanza mwaka 1992 ilikuta soko limeshakua.

Umri wa jezi hukadiriwa kwanza kwa kuangalia kisichokuwepo. Isiyo na alama ya kiwanda kwa nje huenda ni ya kabla ya Admiral. Yenye alama ya kiwanda bila mdhamini kwa kawaida ni ya miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980. Kettering Town, timu ndogo, ilithubutu kuandika jina la mdhamini kifuani mwaka 1976, na Liverpool ikafuata na Hitachi mwaka 1979. Jezi za namna hiyo ni adimu mno katika magulio ya Tanga, na anayedai kuwa nayo apimwe kwa makini.

Kuanzia hapo kazi kubwa ni kulinganisha alama tatu: nembo ya klabu, mdhamini na kampuni iliyoshona. Kila moja ina miaka yake, na lazima miaka hiyo ikutane. Manchester United ilivaa Adidas mpaka 1992, Umbro mpaka 2002, kisha Nike mpaka 2015. Sharp ilikaa kifuani kuanzia 1982 hadi 2000, ikafuata Vodafone mpaka 2006, halafu AIG na Aon. Jezi ya United yenye Nike na Sharp kwa pamoja haikuwahi kutoka kiwandani. Maneno “Football Club” yaliondolewa kwenye nembo yao mwaka 1998, hivyo yakionekana juu ya Vodafone, jezi hiyo ni feki.

Arsenal inapimwa vilevile. Nembo yenye maandishi ya Kilatini ilikoma mwaka 2002, msimu uleule O2 ilipochukua nafasi ya Sega na Dreamcast. O2 na Kilatini haviwezi kukaa kwenye kitambaa kimoja. Chelsea nayo iliacha nembo ya simba aliyesimama juu ya herufi CFC mwaka 2005, na Samsung iliingia mwaka huohuo. Waghushi wengi wamenaswa hapo, kwani walinakili nembo kutoka picha moja na mdhamini kutoka nyingine. Liverpool ndiyo inayochanganya zaidi. Carlsberg ilikuwa kifuani mwao tangu 1992 hadi 2010, na Adidas iliwashonea mara mbili ndani ya muda huo, kabla na baada ya Reebok ya 1996 hadi 2006. Anayeona Adidas na Carlsberg hana budi kuangalia mistari: jezi ya 1992 ina mapande matatu manene yanayoshuka begani, lakini ile ya 2006 ina mistari myembamba ya kawaida.

Baada ya alama huja kitambaa, na hapa mfano mmoja unatosha kueleza mengi. Jezi nyekundu ya nyumbani ya Manchester United ya misimu ya 1994 hadi 1996 ina kola nyeusi, ile ambayo Eric Cantona alizoea kuisimamisha. Ikitandazwa juu ya turubai haina ajabu yoyote. Ikiinuliwa na kugeuzwageuzwa juani, picha ya uwanja wa Old Trafford hujitokeza kama kivuli ndani ya wekundu. Nakala duni hazina kivuli hicho, au zina madoa tu yasiyosomeka. Jua la saa nne asubuhi la Handeni linafaa kwa uchunguzi huu kuliko taa yoyote ya dukani.

Maandishi ya mdhamini huguswa kwa kidole. Mengi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yana vinyweleo laini vya mahameli. Ya baadaye ni utando wa plastiki uliobandikwa kwa moto. Utando wa zamani ukipasuka nyufa ndogondogo, huo ni umri wake na haupaswi kuogopwa. Ndani ya jezi kuna lebo. Jezi nyingi za Umbro za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimeandikwa kuwa zimetengenezwa Uingereza, kisha kazi ikahamia nchi zenye ujira nafuu. Nike za kuanzia miaka ya 2000 zina kilebo kidogo chenye namba ya bidhaa ya tarakimu sita, na Adidas wana namba yao pamoja na mwezi na mwaka wa kushonwa. Namba hiyo ikiandikwa kwenye simu huleta picha ya jezi yenyewe. Ikileta picha ya kiatu au ya jezi ya timu nyingine, mjadala umekwisha. Waghushi wana uvivu wao: namba moja huichapa kwenye jezi za timu kumi.

Jina na namba mgongoni zina kalenda yake pia. Ligi Kuu ilianza kuwapa wachezaji namba za kudumu na majina msimu wa 1993/94. Mwaka 1997 timu zote zililazimishwa kutumia herufi za aina moja, na aina hiyo imebadilishwa mwaka 2007, 2017 na 2023. Herufi zisizolingana na mwaka wa jezi hazitoshi kuihukumu, maana katika mashindano ya Ulaya klabu zilitumia herufi zao zenyewe, na shabiki aliweza kubandikiwa jina lolote mtaani kwake.

Wachuuzi hupanga bei kwa majina yanayotajwa katika vibanda umiza. Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool hutundikwa juu kwenye henga, huku Norwich, Coventry na Sheffield Wednesday zikibaki kwenye rundo la bei ya chee, zikisubiri mtu anayetaka nguo ya kulimia au ya kukatia mkonge. Mkusanyaji makini huanzia kwenye rundo. Jezi ya Norwich City ya 1992 hadi 1994, ya kampuni ya Ribero, ni ya njano yenye manyunyu ya kijani na nyeupe, na mchuuzi anaweza kuiona kama nguo iliyomwagikiwa rangi. Ni ya kikosi kilichoifunga Bayern Munich mabao 2-1 kwao Munich, Oktoba 1993. West Ham ya msimu wa 2008/09 ina kisa cha namna yake: kampuni ya XL ilifilisika Septemba 2008, na wachezaji wakaingia uwanjani wakiwa wamezibwa jina la mdhamini kwa kiraka. Jezi yenye XL inayosomeka ni halali kabisa. Jina hilo lilikuwa limeshachapwa kwenye jezi za madukani.

Rundo lenyewe siku hizi limepungua utamu. Katika viwanda vya kuchambua, jezi za miaka ya 1980 na 1990 hutolewa mapema, kwa sababu Uingereza zimepata soko lake. Duka la Classic Football Shirts la Manchester, lililoanzishwa mwaka 2006, limejengwa juu ya biashara hiyo tu. Kinachovuka bahari ni kile ambacho macho ya wachambuzi yameruka. Kodi nayo ina sehemu yake. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, na ushuru ukapandishwa. Marekani ilipotishia kupitia upya AGOA, nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, mwaka uliofuata, Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma, Rwanda ikaendelea peke yake.

Jezi ikishafika Handeni, adui yake mkubwa ni matumizi. Fundi cherehani hupunguza jezi ya saizi kubwa ili imkae kijana mwembamba, na mkasi wake huondoka na mshono wa kiwandani. Lebo ya shingoni hukatwa kwa sababu inawasha. Timu za ndondo hununua jezi za rangi moja kutoka mabelo tofauti, zikabandika namba mpya juu ya zilizokuwepo. Pasi ya mkaa hugeuza jina la mdhamini kuwa ganda jeusi. Hakuna wa kulaumiwa: jezi iliuzwa ivaliwe. Anayetaka kuikusanya hana budi kuiwahi siku belo linapofunguliwa, kabla haijafika kwa fundi.

Utunzaji wake unataka maji baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, jezi ikiwa imegeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Poliesta haiogopi nondo, lakini utando wa plastiki hauelewani na joto na unyevu, na Korogwe, iliyo bondeni kando ya mto Pangani, ina vyote viwili. Ukifungiwa kwenye mfuko wa nailoni huyeyuka na kunata. Jezi hulazwa bila kukunjwa kwenye maandishi, na karatasi nyeupe huwekwa kati ya kifua na mgongo. Kila moja iandikiwe daftarini ilikonunuliwa na tarehe, namba ya lebo na kasoro zake.

Thamani hutegemea zaidi aliyeivaa. Jezi aliyovaa Geoff Hurst katika fainali ya Kombe la Dunia la 1966 iliuzwa Christie's mwaka 2000 kwa pauni 91,750. Belo halileti jezi za namna hiyo. Linaleta za mashabiki, ambazo thamani yake hutokana na msimu, uchache na hali ya kitambaa.

Zipo nyingine ambazo bado ni changa lakini Mtanzania ana sababu ya kuziweka. Everton ya msimu wa 2017/18, ya Umbro yenye SportPesa kifuani, ni ya mwaka ambao timu hiyo ilikuja Dar es Salaam na kuifunga Gor Mahia 2-1 Uwanja wa Taifa, tarehe 13 Julai 2017, Wayne Rooney akifunga kwa shuti la mbali. Aston Villa ya 2019/20, ya Kappa yenye W88, ndiyo aliyovaa Mbwana Samatta, namba 20, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Alifunga dhidi ya Bournemouth Februari 2020, na mwezi uliofuata akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, Villa ilipofungwa na Manchester City 2-1. SportPesa na W88 ni kampuni za kamari, na kanuni za Uingereza haziruhusu majina ya kamari kwenye jezi za watoto. Jezi ya Samatta ya saizi ya mtoto iliyotoka kiwandani ina kifua kitupu. Ile ya saizi hiyo yenye W88 imechapwa kwingine.