Karabai Ikilipuka, Nani Alipe?

Somo letu la leo ni la sheria, lakini tutalianzia ziwani. Chukua mfano huu. Usiku wa giza hapa Ngumbo, usipa wamepanda juu, na mitumbwi inawaka taa tangu karibu na pwani mpaka mbali. Katika mtumbwi mmoja mvuvi anapiga pampu ya karabai. Tangi linapasuka penye kiungo, mafuta yanashika moto, na mikono ya mvuvi inaungua. Karabai ile si yake. Mwenye mtumbwi aliinunua wiki iliyopita dukani Mbamba Bay. Mwenye duka aliitoa Songea, wa Songea aliitoa Dar es Salaam, na kiwanda kilichoitengeneza kiko ng'ambo. Basi nani alipe gharama za hospitali, na siku zote ambazo mvuvi huyu hatashika kasia wala wavu?

Wengi watajibu: bahati mbaya, amri ya Mungu. Sheria haijibu upesi hivyo. Kwanza inauliza kama aliyeumia ndiye aliyenunua.

Akiwa ndiye, njia yake ni fupi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Mwenye duka hawezi kujitetea kwa kusema, "Sikujua kwamba tangi lina ufa." Huko Uingereza mwaka 1905 mtu mmoja aliyeitwa Frost aliwadai wauza maziwa baada ya mkewe kufa kwa homa ya matumbo iliyotoka katika maziwa yao. Wauzaji walisema vijidudu vile visingeweza kuonekana kwa njia yoyote. Wakashindwa. Lakini kama mnunuzi aliikagua karabai kabla ya kununua, na ufa ulikuwa wazi, hapo sheria haimsaidii sana.

Mvuvi wetu, hata hivyo, hakununua kitu. Hana mapatano yoyote na mwenye duka. Zamani mtu kama huyu alirudi nyumbani mikono mitupu. Mambo yaligeuka kwa sababu ya konokono.

Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, mwanamke maskini jina lake Bibi Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Ililetwa soda ya tangawizi katika chupa nyeusi isiyopenya macho. Bibi akanywa kidogo, na rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo yao, kikatoka konokono aliyeoza. Bibi akaugua tumbo. Alimdai Bwana Stevenson, mtengeneza soda, pauni 500, na aliruhusiwa kuendesha shauri kama fukara, kwani aliapa kwamba mali yake yote haifiki pauni 5. Mwaka 1932 majaji watano wa mahakama ya juu kabisa waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtu atakayetumia kitu chake, hata kama hawajapata kuonana wala kuuziana. Jaji Atkin aliuliza: jirani yangu kisheria ni nani? Akajibu kwamba ni yule ambaye ningepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa kuwa tendo langu laweza kumdhuru.

Mwanasheria atakuambia kwamba konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe. Ni kweli. Stevenson alifariki mwaka huohuo wa 1932, na baadaye shauri likamalizwa kwa mapatano ya pauni 200. Kanuni ilibaki, na mahakama za Afrika Mashariki zimeifuata. Kwa kanuni hiyo mvuvi wa Ngumbo ni jirani wa kiwanda kilicho ng'ambo.

Sasa tuje penye ugumu. Katika njia hii ya pili lazima uonyeshe uzembe, na uonyeshe kwamba kitu kilitoka kiwandani kikiwa kibovu. Mwaka 1936 mtu mmoja, Evans, alishindwa kule Uingereza. Kioo cha mbele cha gari lake kilipasuka chenyewe baada ya mwaka mmoja hivi wa matumizi, na mahakama ikaona huenda kilibanwa vibaya kilipofungwa. Kwa karabai yetu mpinzani atasema tangi lilikuwa zima, ila mafuta yalichanganywa na petroli. Hiyo si hoja ya kupuuza. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la digrii 38 hivi. Petroli huutoa hata katika baridi kali. Kikombe kimoja cha petroli ndani ya dumu hugeuza taa kuwa bomu. Hapo mwenye kudaiwa ni aliyechanganya.

Kwa hiyo, ukishampeleka majeruhi hospitali, usitupe karabai ile ziwani kwa hasira, wala usimpe fundi aichomelee. Ihifadhi ilivyo, pamoja na mafuta yaliyobaki, risiti, boksi lake, na cheti cha daktari. Wengi wamehamia taa za betri na za sola. Betri nayo hupasuka, na maneno ni hayohayo. Lipe habari Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, na Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ili taa za namna ile ziondolewe madukani. Fidia ya uzembe hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 3. Madai ya mapatano, miaka 6. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kijadili swali hili. Mama mmoja amenunua mafuta ya taa kibandani, yakiwa katika chupa ya soda isiyo na alama. Mtoto wa jirani aliyekuja kucheza amekunywa, akaugua. Nani adai, amdai nani, na kwa njia ipi kati ya zile mbili? Andikeni majibu yenu pamoja na sababu.