Je, Wajua? Kinachombadili Mtu

Je, wajua kwamba waliogoma kunawa mikono katika kisa mashuhuri kuliko vyote vya usafi hospitalini walikuwa madaktari wenyewe? Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, akina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, huku wodi ya jirani iliyohudumiwa na wakunga ikiwa na vifo vichache zaidi. Daktari Ignaz Semmelweis akang'amua kwamba wenzake walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya klorini. Aprili ya mwaka huo walikufa akina mama zaidi ya 18 katika kila 100. Kufikia Juni idadi ilishuka hadi kama wawili. Hata hivyo wakubwa wengi wa taaluma walimpinga, maana kumkubali kulikuwa kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Basi tukikaa kwenye semina tukaambiwa wanakijiji hawabadiliki kwa sababu hawajasoma, tuwakumbuke kwanza maprofesa wale.

Je, wajua kwamba moja ya nadharia zinazofundishwa sana katika vyuo vya afya ilizaliwa kwa sababu magari ya eksirei yalikosa watu? Miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilipeleka vipimo vya kifua kikuu hadi mitaani, bure kabisa, na wengi hawakutokea. Godfrey Hochbaum, mwanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma, akawahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji ya Boston, Cleveland na Detroit. Kati ya walioamini kwamba hata wao wanaweza kuugua, na kwamba kugundua mapema kuna faida, asilimia 82 walikuwa wamekwenda kupigwa picha ya kifua kwa hiari yao. Kati ya wale wasioamini lolote kati ya hayo mawili, asilimia 21 tu. Matokeo yalitoka mwaka 1958, na juu yake ikajengwa Nadharia ya Imani za Kiafya, ambayo humuuliza mtu: unajiona uko hatarini? Ugonjwa wenyewe unauona mzito? Utapata faida gani ukichukua hatua? Nini kinakuzuia? Swali hili la mwisho ndilo tunaloliruka kila siku. Nauli, foleni tangu alfajiri, mume asiyetoa ruhusa, maneno makali ya mtoa huduma: hayo hayaondolewi na kipeperushi.

Vipi kuhusu kutisha? Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda, vingine vikiwa na picha za kuogofya. Waliotishwa sana walisema kwa kauli nzito kwamba chanjo ni ya lazima, kisha hawakwenda. Kilicholeta tofauti ni jambo dogo: baadhi yao walipewa pia ramani ya chuo ikionyesha kliniki ilipo, wakaombwa wapange watapita huko lini na kwa njia gani. Kati ya hao, zaidi ya robo walichanjwa. Wasiopewa mpango huo walikwenda kama watatu katika kila 100. Na hao walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao kliniki ya chuo chao waliijua fika. Wanaokumbuka mabango ya mwanzo ya UKIMWI, yale ya mafuvu na maneno ya mauti, watajiuliza ni mangapi kati yake yaliyomwambia msomaji wapi aende kesho na saa ngapi.

Je, wajua kwamba figo na moyo wa ng'ombe vimeingia katika historia ya sayansi ya tabia? Hapa inafaa tukae kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, minofu ilipelekwa kwa askari na Marekani ikataka familia zianze kula sehemu ambazo wengi walizidharau: moyo, figo na tezi. Kwa sisi tunaogombea figo na maini kwa muuza nyama, hilo ni ajabu, lakini kwa mama wa Iowa wa wakati ule kupika figo ilikuwa aibu mbele ya mumewe. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyekimbilia Marekani kutoka Ujerumani ya Hitler, alifanya kazi hiyo na kamati ya mazoea ya chakula ambayo katibu wake alikuwa mwanaanthropolojia Margaret Mead. Vikundi vingine vya akina mama vilipewa mhadhara mzuri: vitamini, uzalendo, hata karatasi za mapishi mkononi. Vikundi vingine vilipewa muda uleule, ila mtaalamu alianzisha maongezi tu. Wanawake kama sisi tunakwama wapi? Wakataja harufu jikoni, mume atakayesukuma sahani, watoto watakaokunja uso. Mapishi yaliletwa baadaye, walipoyahitaji. Mwishoni waliulizwa nani atajaribu wiki hiyo, wakanyosha mikono wakitazamana. Walipofuatiliwa, waliosikiliza mhadhara waliopika kitu ambacho hawajawahi kukipika walikuwa asilimia 3. Walioamua pamoja, asilimia 32. Mtu akishanyosha mkono mbele ya majirani zake, neno lile si la mtaalamu tena, ni lake.

Na je, wajua kwamba Tanzania ilifanya jambo la namna hiyo kwa nchi nzima? Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikuwa ya kwanza. Iliandaliwa njia na vipindi vya redio vya vikundi kama Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, na Wakati wa Furaha ulioadhimisha miaka 10 ya uhuru. Lakini Mtu ni Afya ndiyo iliyotanda. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni mbili wakashiriki. Kikundi kilikaa kuizunguka redio, kikasikiliza kipindi, mmoja akasoma sehemu ya kitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asiachwe nyuma, halafu wakajadili: malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu vinatupataje hapa petu? Kisha likaja swali lililofanya kampeni ile iwe tofauti na hotuba: tunafanya nini kabla ya kukutana tena? Wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo vilivyohesabiwa kwa mamia ya maelfu. Sioni sababu kampeni hii itajwe zaidi katika vitabu vya ng'ambo kuliko katika mafunzo ya wahudumu wetu wa afya ya jamii.

Je, wajua kwamba mdoli wa kupuliziwa hewa ndiye babu wa mchezo wa redio wa kubadili tabia? Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mdoli huyo nao walimpiga, bila kufundishwa na yeyote. Tunajifunza kwa kutazama wenzetu. Miguel Sabido wa televisheni ya Meksiko akaichukua hoja hiyo akaifanya tamthilia: mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati yao yule anayeyumba, ambaye ndiye msikilizaji mwenyewe. Kenya ilikuwa na Tushauriane na Ushikwapo Shikamana tangu 1987. Radio Tanzania ilianza Twende na Wakati Julai 1993, na wengi bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo.

Wachache wanajua kwamba mchezo huo ulikuwa pia utafiti mkubwa. Eneo la Dodoma halikurushiwa kipindi hicho hadi mwaka 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers, walinganishe. Sehemu kipindi kilikosikika, watu walieleza kuwa wamepunguza wapenzi, na matumizi ya kondomu na ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Dodoma nao walipokuja kukisikia, mwelekeo ukawa uleule.

Rogers huyohuyo alikipa umaarufu kisa cha Los Molinos, kijiji cha Peru chenye familia 200. Kwa miaka miwili mhudumu wa afya alihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Akazipata familia 11. Kwa imani ya pale, maji ya kuchemsha yalikuwa ya mgonjwa, kwa hiyo mzima aliyeyanywa alikuwa kama anajitangazia ugonjwa.

Je, wajua kwamba kuna mila ambazo familia moja haiwezi kuziacha peke yake hata ikitaka? Tarehe 31 Julai 1997, wanawake wa Malicounda Bambara nchini Senegal, waliosoma katika madarasa ya shirika la Tostan, walitangaza hadharani kwamba wameacha ukeketaji. Vijiji vya jirani viliwashambulia kwa maneno, wakaitwa wasaliti. Ndipo imamu mmoja, Demba Diawara wa kijiji cha Keur Simbara, akaeleza jambo ambalo wataalamu hawakuwa wamelipa uzito: binti zetu wanaolewa vijiji vingine, na huko asiyekeketwa hachukuliwi. Nani atamtoa mwanawe awe wa kwanza kukosa mume? Mzee akafunga safari kwa miguu, kijiji hadi kijiji cha ukoo wake, akizungumza na ndugu. Februari 1998 vijiji 13 vikakutana Diabougou, vikatangaza kwa pamoja.

Mwaka mmoja kabla ya tamko la Malicounda, msomi wa Marekani Gerry Mackie alikuwa amechapisha hoja inayofanana na ya imamu huyo bila wao kujuana. Alichunguza jinsi China ilivyoacha kuwafunga wasichana miguu, desturi iliyodumu karne nyingi na kufa ndani ya kizazi kimoja mwanzoni mwa karne ya 20. Siri ilikuwa vyama vya wazazi walioapa mambo mawili kwa mpigo: hatutawafunga mabinti zetu miguu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Pale Kuria, Mara au Samburu, anayemkamata ngariba bila kuzungumza na koo zinazooana amelishika tawi tu.

Je, wajua kwamba mtu hupita hatua kabla ya kubadilika? James Prochaska na Carlo DiClemente walilieleza hilo mwaka 1983 kwa kuwafuatilia wavuta sigara: yupo asiyefikiria kabisa kuacha, anayefikiria, aliyeanza, na anayejitahidi asirudi. Kampala, shirika la Raising Voices lilizigeuza hatua hizo kuwa za mtaa mzima katika mpango wa SASA! dhidi ya ukatili wa wanaume kwa wake zao. Mitaa iliyopewa mpango ikalinganishwa na mingine. Katika matokeo yaliyotoka 2014, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52.

Je, wajua kwamba hoja ya "cha bure hakithaminiwi" ilipimwa Kenya ikashindwa? Jessica Cohen na Pascaline Dupas waligawa vyandarua katika kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi, bure pengine na kwa bei ndogo pengine, isiyozidi shilingi 40. Kwa shilingi 40, waliochukua walipungua kwa asilimia 60 wakilinganishwa na pale palipokuwa bure. Na walipotembelewa nyumbani, waliopewa bure walikuwa wakivitundika sawa na walionunua. Utafiti huo ulichapishwa 2010. Mama mjamzito alikuwa anajua thamani ya chandarua. Alichokosa ni shilingi 40.

Sehemu hizohizo za magharibi mwa Kenya, dawa ya klorini ya kutibu maji ilipouzwa madukani ilitumiwa na chini ya kaya 10 katika kila 100. Ilipowekwa bure kwenye tangi dogo palepale kisimani, zaidi ya nusu ya kaya zikaitumia. Unaweka dumu la lita 20 chini ya bomba, unazungusha mara moja, kipimo kinashuka, unakinga maji juu yake. Ukiwa njiani kurudi nyumbani dawa inafanya kazi yake. Na jirani anayengoja zamu yake amekuona.

Je, wajua kwamba kampeni iliyofanikiwa ya kunawa mikono haikutaja vijidudu? Ilifanyika vijijini Andhra Pradesh, India, ikiongozwa na mhusika aitwaye SuperAmma, mama anayemlea mwanawe vizuri, ikichezea kinyaa na mapenzi ya mama. Awali kunawa kwa sabuni nyakati muhimu kulikuwa kama asilimia moja. Miezi sita baadaye vijiji vya kampeni vilikuwa asilimia 37, na visivyofikiwa 6.

Ila kinyaa bila maji hakinawishi. Ndiyo maana nakipenda kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kikining'inia pembeni. Hugusi chochote kwa mkono mchafu. Kiwe hatua mbili kutoka mlango wa choo, si jikoni. Mtoto akitoka anakutana nacho kabla hajakutana na mpira.

Je, wajua kwamba zile siku 21 za kujenga mazoea hazikutoka katika utafiti wa mazoea? Zilienezwa na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyekuwa akieleza muda ambao wagonjwa wake walichukua kuizoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliojiwekea jambo dogo la kila siku, kama kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa, kadirio la kati la muda uliohitajika lilikuwa siku 66. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Walipokosa siku moja, mazoea hayakuvunjika. Mradi wa miezi mitatu unaofunga ofisi na kuandika ripoti ya mwisho siku ya 90 unawaacha wengi wakiwa bado njiani.