Neno Gumu, Gumu kwa Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona orodha za msamiati wa Kiingereza zilivyoanza: C.K. Ogden na maneno yake 850 mwaka 1930, kisha Michael West, aliyepata kufundisha Bengal, na orodha yake ya maneno kama 2,000 iliyotoka 1953. Vitabu vya siku hizi hufuata zaidi ngazi sita za Ulaya, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya bingwa. Leo tuzipeleke ngazi hizo mashariki ya Uganda.

Katika orodha ya Oxford ya maneno 3,000, "snow", yaani theluji, imewekwa A1. "Hoe", yaani jembe, haimo. Walioandaa orodha hawakukosea hesabu; walihesabu maneno yanayojirudia katika vitabu, magazeti na mazungumzo ya kwao, na huko jembe halitajwi sana. Ila mtoto anayesoma Jinja hajaona theluji, na jembe liko nyuma ya mlango wa bibi yake.

Mfano ulio mzito zaidi uko Mbale. Kamusi za wanafunzi husema "parchment" ni ngozi ya mnyama iliyoandaliwa kuandikiwa, na huliacha neno hilo kwa wasomaji wa ngazi za juu. Lakini Mbale ni mji wa kahawa, makao ya chama cha ushirika cha Bugisu kilichoundwa 1954. Kahawa ikiiva kwenye miteremko ya Mlima Elgon huchumwa, humenywa kwa mashine, huachwa ichachuke, huoshwa, kisha huanikwa. Punje iliyokauka, ingali na lile ganda lake jembamba la rangi ya nyasi kavu, ndiyo "parchment", na bei yake haifanani na ya kahawa iliyoanikwa bila kumenywa. Mkulima asiyemaliza shule ya msingi hulitaja neno hilo kila msimu pasipo kigugumizi. Ukimpa mtihani wa ngazi, atafeli kwa neno linalomlisha.

"Candidate" ni la ngazi ya kati, na Mbale lina kazi mbili. Mwanafunzi wa darasa la saba anayengoja mtihani wa taifa ni "candidate". Kijana wa Kigisu anayengoja kisu cha imbalu, yaani tohara ya jadi, magazeti ya Kiingereza ya Uganda humwita "candidate" vilevile. Imbalu huja miaka ya shufwa, na hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya mji, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Kwa hiyo mwalimu anayewauliza wavulana wake kama "candidates" wako tayari, afadhali atazame kalenda kwanza.

Jinja nayo ina mtego katika neno jepesi kabisa. Mgeni kutoka Dar es Salaam akiulizia "taxi" ataonyeshwa basi dogo la abiria 14, yaani daladala yake ya nyumbani. Akitaka gari la peke yake aombe "special hire". Bernard Sabiiti alikusanya maneno ya namna hii katika kamusi yake ya Kiingereza cha Uganda, iliyotoka 2014, na naona kila mwalimu wa huko angepaswa kuwa nayo mezani kando ya ile ya Oxford.

Sasa matamshi. Irabu zetu ni tano, kama zilivyo za Kiganda na Kisoga, ingawa wao hutofautisha fupi na ndefu. Kiingereza cha London kina irabu nyingi kuliko hizo maradufu. Matokeo yake, "hat", "hut", "heart" na "hurt" hukutana kwenye a moja. Kamusi huandika irabu ya "hurt" kwa alama inayofanana na tarakimu 3. Mwalimu huichora ubaoni vizuri sana, kisha huisoma a. Kiswahili chenyewe kilihangaika na sauti hiyohiyo: "shirt" ikawa shati, "nurse" ikawa nesi. Kiganda kina tabia yake nyingine: r hukaa baada ya e au i, kwingineko ni l. Hivyo "road" na "load" hulingana kinywani, na barabara ikageuka mzigo.

Mtaala wa 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, la nne liwe daraja, halafu Kiingereza kitawale. Shule nyingi za mijini, zenye watoto wa makabila mchanganyiko, huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Huko ndiko orodha za A1 hutumika zilivyo. Ningependa mwalimu wa Mbale aisogeze theluji hadi darasa la tano, na jembe, kahawa na maporomoko ya ardhi, ambayo watoto wa Bududa, kwenye miteremko hiyohiyo ya Elgon, wanayajua mno tangu mkasa wa Machi 2010, yashuke darasa la kwanza.

Juma lijalo: mkazo, na kwa nini "photograph" hubadilisha sauti ikiongezewa herufi mbili tu.