Chakula cha Mtoto Kipimwe Kikiwa Tayari

Mtoto wa miezi 6 huachama kabla kijiko hakijamfikia. Hachagui, na mwili wake nao hauchagui. Mtu mzima akila chakula chenye madini ya risasi, mwili wake hufyonza takriban sehemu 1 kati ya 10 ya madini hayo. Wa mtoto mchanga unaweza kufyonza karibu nusu. Huyadhania kalsiamu, ukayapeleka kwenye mifupa na hata kwenye ubongo ambao bado unajengeka.

Machi 2021, mbunge Raja Krishnamoorthi na wenzake walipeleka muswada katika Bunge la Marekani. Walitaka kila kilo ya chakula cha watoto wachanga isizidi mikrogramu 5 za risasi, 5 za kadimiamu, 10 za aseniki isiyo ogani na 2 za zebaki. Nafaka zililegezewa kidogo. Muswada haukupita, nami nasikitika.

Nafaka zililegezewa hasa kwa sababu ya mchele. Mpunga husimama majini, na udongo uliofunikwa na maji hukosa hewa. Aseniki iliyokuwa imeng'ang'ania chembe za chuma huachia, kisha mizizi huifyonza kwa njia ile ile inayofyonzea silika. Mkulima hakutia chochote. Kwa hiyo wenye viwanda wakisema madini haya yamo ardhini, wanasema kweli.

Lakini si yote hutoka shambani. Februari 2021, kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iligundua kwamba baadhi ya kampuni zilipima malighafi tu. Katika kampuni moja, chakula kilipopimwa kikiwa tayari, aseniki ilizidi ile iliyokadiriwa kutokana na malighafi. Kilichoshukiwa ni mchanganyiko wa vitamini na madini lishe ulioongezwa kiwandani.

California imeziba mwanya huo: tangu Januari 2024 sheria yake inalazimisha kupima chakula kilichokamilika, na tangu Januari 2025 matokeo hutangazwa kwa wanunuzi. Mwezi huo huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa viwango vya risasi, mikrogramu 10 kwa kilo katika vyakula vingi vya watoto na 20 katika nafaka kavu. Huo ni mwongozo tu, si sheria.

Mzazi anayepika wali nyumbani anaweza kuuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, akapunguza karibu nusu ya aseniki. Unga wa kopo hukorogwa na kunywewa wote.